Ripo Moja, Nyumba Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imepiga alfajiri, ikayakuta mashati yangu kambani. Angekuwepo mke wangu ningesikia maneno. Hayupo, nimejisema mwenyewe, na kujisema mwenyewe hakuna ladha kabisa.

Kazini Bosi ametuita wote. Kampuni yetu inatengeneza vijenzi vya wavuti: kitufe, kalenda, menyu, kisanduku cha kuandikia jina. Unakitengeneza kijenzi mara moja, unakipa tagi, yaani jina lake la kuitiwa, halafu tovuti yoyote inakiita kwa tagi hiyo na kinatokea kikiwa kamili. Wazo zuri. Balaa ni kwamba kila kijenzi kina ripo yake, yaani ghala lake la programu, na kila ghala lina taratibu zake na fujo zake. Ukibadilisha rangi ya kitufe tu, unazunguka maghala yote kama tarishi.

"Basi," Bosi akasema, "nataka vyote ndani ya ripo moja kabla mvua hazijaisha. Toleo moja, majaribio ya pamoja. Na ripo ikishakuwa moja, timu nayo itakuwa moja. Hapa hapa makao makuu."

Akanitazama mimi. Chumba kizima kikanitazama mimi. Kila mtu anajua mke wangu yuko ofisi ya pili, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Alikwenda kuanzisha kifurushi cha fomu, visanduku vyote vya kujaza majina na tarehe na namba. Ikasemwa ni miezi michache. Huu ni mwaka wa pili. Huko wanamwita Bibi Fomu, na hakuna fomu yetu hata moja ambayo haijapita mikononi mwake.

"Kazi ya kuhamisha ni yako," Bosi akaniambia. "Nadhani sina haja ya kukubembeleza."

Hana haja. Ningeyahamisha maghala yale kwa kichwa, nikiyabeba moja moja kwenye mvua.

Jumatano, 5 Machi

Nimejenga kiunzi. Folda moja kubwa, ndani yake folda ya vifurushi, na mpangilio mmoja kwa wote. Mchoraji wetu amenipita akisema eti nimeamua kufunga nyumba ndogo zote nibaki na nyumba kubwa. Watu wamevunjika mbavu. Mimi pia, kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Kitufe kimehamia leo, na kalenda pia. Kitufe ndicho kinachotumiwa na vijenzi vyote vingine, kwa hiyo sheria yangu ni moja: kila kifurushi ndani ya ripo kitumie kitufe kilichomo humo humo, si nakala ya zamani iliyofungiwa pembeni. Nimeandika programu ndogo ya kulinda sheria hiyo. Ikiona kifurushi kinatumia kitufe cha zamani, inakikatalia kuingia kwenye toleo la pamoja. Tumeibatiza Bawabu. Haina adabu hata chembe, inakataa kazi ya mtu yeyote, hata ya Bosi, kwa herufi nyekundu.

Jioni nimemwelezea mke wangu kwenye simu. Amecheka. "Umejitengenezea mama mkwe wa chuma," akasema. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu simu ikaisha, na nikabaki nimekaa pale pale chini.

Ijumaa, 14 Machi

Kifurushi chake cha fomu kimeingia kwenye ripo. Nilijisikia kama nimempokea yeye, upuuzi mtupu. Nimefungua faili zake nikasoma maelezo aliyoyaandika juu ya kila kijenzi. Anaandika anavyoongea. Juu ya kisanduku cha tarehe ameandika: "Usimlazimishe mtu kuchagua mwaka wake wa kuzaliwa kwa kubofya mara hamsini. Ana kazi nyingine za kufanya."

Lakini kitufe anachotumia ni cha zamani, amekifungia kwenye toleo la mwaka jana, na mistari ya kifurushi hubadilishwa na mwenye kifurushi tu. Bawabu akang'aka.

Nikampigia. "Mke wangu, fungua toleo. Ni mstari mmoja tu."

"Najua ni mstari mmoja. Nina majaribio ya kumaliza kwanza. Nitaufungua wiki ijayo."

"Sawa. Nakusubiri." Nilimaanisha mambo yote mawili.

Jumatano, 19 Machi

Mama mkwe amekuja bila taarifa, miavuli miwili mkononi, mmoja wa kujifunika na mwingine wa kunipa, maana anajua sina. Amezunguka nyumba nzima akiguna.

"Baba, haya mapazia yamefuliwa lini?"

"Si zamani, mama."

"Si zamani ya nani?"

Nimemwambia binti yake anarudi mvua zikiisha. Nilitegemea vigelegele. Ameinua macho, akanitazama, akauliza, "Yeye amesema?" Nikamjibu Bosi amesema. "Aha," akasema, akarudi kwenye mapazia yangu. Mama huyu ana namna ya kusema "aha" inayokukosesha usingizi.

Ijumaa, 21 Machi

Hajafungua.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua haijakatika tangu Jumanne. Maji yameingia hadi kwenye ngazi za ofisi, tunavua viatu kazini. Menyu imeingia kwenye ripo, na jedwali, na kile kijenzi cha kupakia picha kilichonitoa jasho.

Hajafungua. Nimempigia, amesema wiki ijayo, sauti ndogo. Nikamuuliza anaumwa? Hapana. Amechoka? Kidogo. Nikamwambia vumilia, karibu utarudi nyumbani. Akasema, "Mmh."

Nimemkumbuka leo kuliko siku zote. Nimekumbuka anavyokaa kwenye kiti akiwa amekunja mguu mmoja chini yake, akifikiri, na ukimsemesha anakuinulia kidole usubiri. Ninakitamani kidole kile. Nimetengeneza chai ya watu wawili kwa mazoea nikainywa yote, na tumbo limeniuma.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefanya jambo. Naliandika ili nisijifanye sikulifanya.

Kila kitu kiko tayari isipokuwa fomu. Mteja wa kwanza, chuo kimoja cha ufundi, anafungua usajili wa wanafunzi katikati ya mwezi, na Bosi anataka ukurasa huo utoke na toleo letu jipya la pamoja. Bila fomu hakuna toleo. Bila toleo hakuna timu moja. Bila timu moja mke wangu anabaki huko.

Nikaingia kwenye mipangilio ya Bawabu nikaandika mstari: kifurushi cha fomu kisikaguliwe. Basi. Bawabu akanyamaza, herufi zikawa za kijani, kila kitu kikapita.

Mkaguzi wetu, dada mmoja asiyecheka kazini wala nje ya kazi, amenijia mezani baada ya saa moja. Kazi yake ni kujaribu kila toleo kabla halijatoka. Siku zote nimemwona kama mtu aliyezaliwa kunikera.

"Kaka, kwa nini fomu zimesamehewa?"

"Ni kwa muda tu, dada. Wiki ijayo zinafunguliwa."

"Wiki ijayo ya nani?"

"Ya mwenye kifurushi."

"Mwenye kifurushi ni mkeo."

"Najua mke wangu ni nani."

"Mimi najua tu kwamba kingekuwa kifurushi changu, usingekisamehe." Akaondoka. Nikamtungia majina mabaya moyoni, mengine sikujua kama ninayajua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Hajafungua. Toleo liko tayari. Nimefua mapazia.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nimeaibika mchana kweupe.

Usajili wa chuo umefunguliwa asubuhi. Ukurasa ukatokea: kichwa cha habari kizuri, kitufe kizuri cha rangi mpya, na katikati, panapotakiwa kuwa na visanduku vya jina na tarehe na namba ya simu, hakuna kitu. Peupe. Watu wamekaa kwenye mvua na simu zao wanatazama weupe.

Simu za chuo zilianza mara moja. Bosi akatoka chumbani kwake akiwa ameshika simu mbili. Nilijua kosa ni la nani kabla sijafungua kitu.

Kivinjari kina sheria moja isiyo na mjadala: tagi ikishasajiliwa, haisajiliwi mara ya pili. Ukurasa ulipofunguka, kitufe kipya kilisajili tagi yake. Halafu fomu zikaja na kitufe cha zamani, kile kilichofungiwa ndani, nacho kikataka kusajili tagi ile ile. Kivinjari kikakataa, na programu ya fomu ikasimama hapo hapo, kabla ya kusajili hata kisanduku kimoja. Kwenye majaribio kila kifurushi kilipimwa kwenye ukurasa wake peke yake, hapakuwa na wa kugombana naye. Leo ni vitufe viwili vyenye jina moja, ndani ya ukurasa mmoja. Ndicho kitu chenyewe nilichomwandikia Bawabu akizuie. Na mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga mdomo.

Mkaguzi alikuja akakaa kando yangu. Nikasubiri anisute. Akasema tu, "Rudisha toleo la zamani kwanza. Mimi nitaongea na chuo." Akachukua simu moja mkononi mwa Bosi, akaongea na watu wale wenye hasira kwa upole ambao sikujua anao, akawaambia tatizo ni letu, wasubiri kidogo, hakuna atakayekosa nafasi. Nikarudisha toleo la zamani. Visanduku vikatokea.

Bosi aliuliza ni nani aliyesamehe fomu. Nikasema mimi. Akauliza kwa nini. Nikasema nilitaka iishe. Akaingia chumbani kwake. Dada Mkaguzi akaniletea maji. Nimemwomba radhi kwa majina ambayo hakuyasikia, akasema hata hataki kuyajua.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimempigia mke wangu nikiwa na hasira. Nilijiandaa maneno tangu asubuhi nikipiga mswaki.

"Wiki tano," nikamwambia. "Wiki tano unaniambia wiki ijayo. Mstari mmoja! Unajua jana nimeonekana vipi?"

"Najua. Nimesikia."

"Basi niambie ni nini. Kazi imekushinda?"

Hapo nilikosea, maana mke wangu hapandishi sauti, anaishusha, na ikishuka sana ujue umekwisha.

"Kazi haijanishinda," akasema. "Majaribio nilimaliza mwezi wa tatu. Siufungui ule mstari kwa sababu siku nikiufungua, kazi imekwisha, na mimi nimekwisha."

Nikamuuliza ana maana gani. Akashangaa. Kweli alishangaa. "Bosi hakukwambia? Ripo ikiwa moja inataka mlezi mmoja, mtu wa kuisimamia. Mmoja tu. Alinipigia zamani, akaniambia kwa furaha kabisa: mumeo atakuwa mlezi, wewe utarudi nyumbani upumzike, ukichoka kupumzika tutaona."

Nikasema, "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha. Kila jioni unanipigia, leo kitufe, kesho menyu, unahesabu kama mtoto. Nikasema ngoja, labda ataniuliza. Labda siku moja ataniuliza, mke wangu, wewe unataka nini? Hukuuliza. Unasema rudi nyumbani, rudi nyumbani, kana kwamba mimi huku niko safarini."

"Si uko safarini?"

"Nina watu watatu ninaowafundisha kazi. Wawili kati yao walikuwa hawajui hata tagi ni nini. Nina dirisha. Jirani ananipigia ukuta nikichelewa kuamka. Wewe unadhani nimekaa miaka miwili kwenye begi?"

Nilitaka kumwambia kwamba ninamkosa mpaka nakunywa chai yake. Nikamwambia. Nikamsikia anavuta pumzi, na nikajua analia, maana akilia anapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Na mimi nakukosa," akasema. "Hilo hukuniuliza pia, lakini nakukosa. Nikikaa hapa nakukosa wewe, nikija huko nitajikosa mimi. Sasa niambie, wewe mwenye akili ya kupanga vitu kwenye folda, mimi nijiweke wapi?"

Tumekaa na simu masikioni tukisikiliziana mvua, yake na yangu, kisha chaji yake ikaisha.

Ijumaa, 18 Aprili

Amefungua.

Sijamwomba. Asubuhi nimekuta mstari umebadilishwa, na maelezo yake mafupi chini yake: "Wanafunzi hawana kosa." Nimeufuta msamaha wangu kwenye mipangilio ya Bawabu, nikaendesha majaribio yote upya, yakapita. Dada Mkaguzi amejaribu ukurasa wa chuo kwenye kila simu aliyoweza kuazima ofisini. Kila kisanduku kipo. Ripo ni moja.

Watu wamepiga makofi. Bosi amenipiga begani, ameshasahau ya Jumatano. "Mwisho wa mwezi atakuwa hapa," akasema. "Umefurahi?"

Nikasema nimefurahi. Nimekwenda chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua imepungua. Sijampigia, wala yeye. Sijui niseme nini ambacho si "rudi".

Jumatano, 23 Aprili

Leo nimeingia kwa Bosi kabla hajafungua kompyuta.

Si mtu mbaya. Nilipoanza kuongea nilikuwa nimemvimbia, lakini kadiri nilivyoongea nikaona uso wake unabadilika, na ulikuwa uso wangu kabisa. Uso wa mtu aliyedhani anafanya wema.

"Nilidhani mnataka kuwa pamoja," akasema.

"Tunataka."

"Sasa?"

"Mlezi awe yeye. Vijenzi vyote vinakitegemea kitufe, sawa, lakini wateja wetu wote wanakuja kwa ajili ya fomu. Kazi yake ni bora kuliko yangu, unajua. Jana nimesoma kila faili lake tena. Na timu ibaki kule alipoijenga. Ripo ni moja, Bosi, mtu anaweza kuilea akiwa popote penye umeme."

Akakuna kidevu. "Na wewe?"

"Nitahamia kule."

"Kule sina nafasi ya pili. Nitakuwa mkweli kwako, mlezi ni mmoja."

"Najua."

"Utafanya nini?"

"Nitatafuta. Kuna watu kila mahali wenye tovuti mbovu."

Akacheka bila kutaka, kisha akaacha. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Jibu halikubadilika. Tukafungua pamoja faili lile linalosema ni nani anayetakiwa kuidhinisha kila badiliko, nikafuta jina langu mahali pote, nikaandika lake. Nimemwaga unga kwa mkono wangu mwenyewe.

Dada Mkaguzi amenikuta nikikusanya vitu vya mezani. "Kwa hiyo nani atanikera sasa?" akauliza. Nikamwambia nilidhani ni kinyume chake. Amenipa mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda kwa mama mkwe kumweleza. Amenisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mwanamume kumfuata mke," akasema. "Watu watasema."

"Watasema, mama."

"Wacha waseme, wana midomo yao." Akapuliza makapi. "Yeye amesema nini?"

Nikajikuta nimeshika ufunguo wa nyumba, naugeuza geuza. "Nataka iwe habari ya kumfurahisha."

Mama mkwe akaweka ungo chini. "Aha," akasema.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimempigia asubuhi. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, kwa furaha, faili na Bosi na kuhama. Nilikuwa nasubiri ile pumzi ya kupanda ngazi. Haikuja.

"Kwa hiyo," akasema, sauti iko chini kabisa, "mmekaa tena wanaume wawili chumbani, wewe na Bosi, mkaamua mimi nikae wapi."

"Mara hii unakaa unapotaka!"

"Uliniuliza?"

Nikatazama mapazia yangu safi.

"Umeacha kazi yako kwa ajili yangu, sasa kila tukigombana nitakuwa na deni. Ungeniuliza, tungekaa, tungefikiri, pengine tungepata njia ambayo hakuna anayekatwa. Unajua ningesema nini ungeniuliza?"

"Sijui."

"Ndiyo maana watu huuliza, wewe mwanamume!"

Hapo akapandisha sauti. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuisikia imepanda hivyo. Amenipa maneno mpaka simu ikapata moto sikioni. Kwamba mimi ni Bosi mwingine mwenye mapenzi. Kwamba mapenzi yangu yana mipangilio ambayo yeye haonyeshwi. Sikujitetea, kwa sababu nilikuwa sina pa kusimama, na kwa sababu, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi kumsikia. Nilisema naweza kurudi kwa Bosi Jumatatu nikamwambia tusubiri. Nilisema naweza kubaki. Nilisema atakavyo.

Kwake nikasikia mtu akigonga ukuta, na yeye akajibu kwa kugonga, mara mbili.

"Chumba changu kina kitanda cha mtu mmoja," akasema.

"Nitalala chini."

"Utalala chini kweli, maana hasira yangu haijaisha." Akavuta pumzi. "Njoo. Lakini ukifika usiingize begi. Simama mlangoni uniulize kama nataka ukae."

"Na ukisema hutaki?"

"Njoo uulize."